Namba Kumi na Nne, Mlango wa Nyuma

Kwa miaka thelathini na moja alichambua barua posta, na hakuwahi kusoma anwani kuanzia juu. Alianza na mstari wa chini kabisa, nchi, akapanda kwenye mji, akapanda kwenye sanduku, na barua ikawa imeshaingia kwenye tundu lake kabla mwenzake hajavaa miwani. Jina la mtu halikumhusu hata kidogo. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Chinijuu, nalo likamganda mpaka kustaafu. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo siku alizokuwa amekasirika.

Basi binti yake alipomwambia anataka jina la karakana yake kwenye mtandao, mzee alijiona amerudi kazini. Binti ni fundi wa miguu ya bandia, na wagonjwa wanamtafuta kutoka mbali, wengine wakipotea njiani kwa siku nzima. Alitaka jina linaloishia na zile herufi mbili za nchi, ili mtu akiliona ajue kabisa hiki ni kitu cha hapahapa nyumbani. Tatizo, kulikuwa na mtu mwingine anayelimezea mate jina hilohilo. Binti alikuwa na siku kumi za kukamilisha fomu, zikipita amelikosa. Chinijuu akachungulia kwenye simu, akaona nchi imekaa mwisho, pale pale alipozoea kuikuta.

"Hii naijua," akasema. "Mambo ya anwani niachie mimi."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: herufi ni za nchi, kwa hiyo ofisi iko nchini. Akavaa koti, akaenda posta kuu, wakampeleka wizarani. Wizarani wakampa kiti na chai, kisha wakampeleka ofisi ya mawasiliano. Huko karani mmoja mwenye adabu zake alimgeuzia kioo cha kompyuta, akamweleza taratibu kwamba herufi zile zinatunzwa na kampuni moja kule kwa waliotutawala. Zilipogawiwa, hapa kompyuta zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, kampuni ile ikajitolea kuzishika kwa muda. Muda wenyewe haujaisha.

"Kwa hiyo za kwetu ziko kwao?"

"Ni za kwetu, mzee wangu. Ila ziko kwao."

Mzee akamwomba arudie. Karani akarudia vilevile, na mara ya pili ndiyo kabisa haikueleweka. Chinijuu alitoka akiwa ameshika kofia badala ya kuivaa. Alikumbuka enzi zile barua ya nchi jirani, ambayo ng'ambo yake unaiona ukisimama mtoni, ilivyokuwa inapanda ndege hadi kwa watawala kisha inarudi. Siku walipofungua mfuko wa kwenda moja kwa moja, yeye ndiye aliyeufunga kamba, na posta nzima ilipiga makofi. Alidhani mambo hayo yalikwisha siku ile.

Siku ya tisa walikaa mbele ya kompyuta, binti akiandika. Fomu ikataka mtaa na namba ya nyumba. Akaweka sanduku la posta, likakataliwa kwa wino mwekundu. Akaweka "nyuma ya soko la zamani", wekundu tena. Mtaani kwao hakuna nyumba yenye namba na hakuna aliyewahi kupotea. Kwenye orodha ya kampuni, mji wao mzima ulikuwa mitaa minane tu, ile ya mlimani walikokaa wazungu, tena kwa majina ya magavana yaliyofutwa zamani. Majina mapya Chinijuu aliyakariri kwa wiki moja akiwa kijana, na aliyapenda.

Binti alianza kulia kimyakimya, kama mamake. Mzee akavumilia kidogo, kisha akamwambia aandike namba kumi na nne, akamtajia na mtaa wa gavana mmoja. Fomu ikakubali papo hapo.

"Baba, hapo ni kwa nani?"

Akamjibu wangoje kwanza ipite.

Ilipita, ila kampuni ikasema jina litashikiliwa mpaka aingize tarakimu zitakazokuja kwa barua, kwenye nyumba hiyohiyo. Wiki mbili baadaye Chinijuu akapanda mlimani. Siku hizi nyumba ile ni ofisi ya bima. Mlinzi alimwamkia vizuri, akauliza shida yake.

"Barua? Zunguka nyuma, mzee."

Aibu yake ni kwamba miguu ilikuwa imeshageuka kabla mlinzi hajamaliza. Ilijua njia. Baba yake alipika katika nyumba ile miaka ishirini na miwili, na yeye alipotumwa kumletea ujumbe alikatazwa hata kukanyaga ngazi za mbele. Kidato cha saruji cha mlango wa nyuma kilikuwa kilekile, kimelika katikati. Alisimama juu yake na miaka yake sabini na moja, amekasirika na hajui amkasirikie nani. Mlinzi ana umri wa mjukuu tu, hana habari. Tena mzee mwenyewe alikuwa na furaha, maana bahasha aliyokabidhiwa pale mlangoni ilikuwa yenyewe. Akaisoma kwa mtindo wake: nchi, sawa, jina letu jipya. Mtaa, gavana. Namba. Juu kabisa, binti yake. Angekuwa kazini angeirusha kwenye tundu bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi.

Binti aliingiza tarakimu, jina likawa lake. Alimkumbatia baba yake mpaka miwani ikapinda, kisha akakumbuka swali lake.

"Ni kwa babu yako," mzee akasema.

"Babu alikuwa na nyumba kule juu?"

Chinijuu alivua miwani, akainyoosha, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hakujua kama alichosema ni uongo.

"Alikuwa na mlango," akasema.