Kamera Iliyomwona Mama

Nilikuwa nanunua betri dukani Nyeri. Kando yangu, mpiga picha za harusi alilinganisha kamera mbili za fremu kamili, zile kubwa za kitaalamu. Akamsimamisha mamake mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, jua mgongoni, akampiga picha kwa zote mbili.

Mwenye duka akasifu ile yenye megapikseli nyingi. "Ona, hata nyuzi za kitambaa unahesabu!"

"Na uso yangu iko wapi?" mama akauliza. "Hata kwa picha ya harusi yangu niko hivi. Gauni tu, uso ni giza."

Ile nyingine ilikuwa na megapikseli chache, lakini uso ulitokea wazi, bila chengachenga za picha mbovu, makunyanzi yote, na kitambaa bado cheupe.

Mama akaigonga skrini kwa kidole. "Huyu sasa ni mimi! Funga hii, tunaichukua."

Siku hizi mtu akinitajia megapikseli, namuuliza kama mamake anaonekana.