Nyumba Iliyofungwa kwenye Lori

Bati lililolegea msumari lina sauti yake. Linaguna kwanza, kisha linapiga kofi, kisha linanyamaza kana kwamba linasikiliza kama umeamka. Juzi nililisikia kofi hilo kwenye nyumba yetu hapa Mlowo, nyumba ambayo bado inanukia rangi, na kabla sijafikiri lolote nikajikuta nimesimama katikati ya sebule, mikono nimeiinua juu, kama vile paa ningelizuia mimi. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Simlaumu. Amekulia Dar es Salaam, na upepo anaoujua yeye ni ule wa kukausha nguo.

Basi nisimulie, hasa kwako wewe uliyekabidhiwa funguo za nyumba yako juzijuzi na sasa mikono inakuwasha kubomoa hiki na kubandika kile. Kaa kidogo kwanza. Baba yangu naye mikono ilimwasha.

Baba alikuwa fundi cherehani Tunduma sokoni. Kwa miaka yote ninayoikumbuka tulikuwa wapangaji, tukiishi kwa mama mmoja mwenye nyumba ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu chetu: tunavyoanika, tunavyopika, hata Baba anavyokohoa. Siku Baba aliporudi na kusema amenunua nyumba, Mama aliketi juu ya gunia la mahindi akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akauliza kama ina jiko. Nilidhani ameugua.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji, chini ya tuta la barabara kuu, pale ambapo malori husimama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Aliyetuuzia alikuwa anahamia Sumbawanga na alikuwa na haraka. Ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vyake vidogo, na nyuma kulikuwa na mparachichi mkubwa uliozaa mpaka matawi yakainama. Ukifungua dirisha la mbele ulinusa dizeli, vumbi na ugali wa madereva waliokuwa wakipika chini ya matrela yao. Mama aliipenda harufu hiyo tangu siku ya kwanza. Ndani ya wiki alikuwa tayari anawauzia chai na chapati.

Kitu kimoja tu kilimkera Baba. Juu ya bati kulikuwa na mawe. Mawe makubwa, yamepangwa ukingoni pande zote, na katikati matairi makuukuu. Baba alisimama barabarani akaitazama nyumba yake kama anavyotazama suruali iliyokatwa vibaya.

"Nyumba ya fundi cherehani haiwezi kuvaa viraka kichwani," akasema.

Jirani yetu, Mzee Simbeye, mkulima wa kahawa aliyekuwa na shamba dogo karibu na pale, alimkuta Baba ameshaegemeza ngazi ukutani. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Kisha mzee akayatazama mawe.

"Fundi, hayo mawe hayakupanda juu yenyewe."

"Ni kweli, mzee wangu," Baba akamjibu. "Na hayatashuka yenyewe. Ndiyo maana nina ngazi."

Walicheka wote wawili. Baba akayashusha mawe na matairi yote, Mama akayapanga kuzunguka maua yake. Kisha Baba akapaka ukuta wa mbele rangi ya bluu ya mbingu, wa mbele tu, maana rangi iliishia kwenye kona. Nilikuwa naenda kusimama barabarani makusudi ili nirudi nikiitazama. Sijawahi kuona kitu kizuri kama ule ukuta, na sitaki kusikia kwamba nilikuwa mtoto.

Miezi ya baridi ikapita salama. Halafu ukaja Agosti.

Kama hujawahi kukaa Tunduma, upepo wa kule nikueleze vipi? Unashuka ukiwa umebeba vumbi jekundu, unaingia kwenye chumvi, kwenye masikio, kwenye kitabu cha hesabu. Jumamosi moja mchana nilikuwa sebuleni nachambua maharage. Baba alikuwa ameleta cherehani nyumbani kumalizia sare za kwaya, na Mama alikuwa jikoni. Nikasikia paa linaguna. Nikainua macho nikaona mwanga.

Ulikuwa mstari mwembamba wa mchana kati ya ukuta na paa, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Ukapotea. Ukarudi, safari hii mpana, na kupitia hapo niliona tairi za lori kule juu barabarani, kisha anga. Nyumba yetu ilikuwa inafunua kifuniko. Sikuogopa. Nitakuambia ukweli, nilishangaa tu kwa kiasi ambacho hofu ilikosa mahali pa kukaa. Sikujua kwamba nyumba inaweza kufanya hivyo.

Baba aliruka juu ya meza akaikumbatia kenchi, mbao inayobeba bati, kwa mikono miwili. Upepo ukavuta, na miguu ya Baba ikaachana na meza. Baba yangu, mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni, akawa ananing'inia kwenye paa la nyumba yake.

"Mama Neema! Ita watu!"

Mama alikuwa ameshatoka. Nilimfuata. Alipanda lile tuta akiwa pekupeku, khanga imemdondoka njiani, akaenda moja kwa moja kwenye lori lililosimama barabarani, juu kidogo ya ua wetu. Dereva wake aliitwa Mbaraka, mtu wa Tanga, mnene kiasi, mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya taratibu. Alikuwa mteja wa Mama, na foleni ilikuwa imemweka hapo siku kadhaa.

"Kaka Mbaraka, nyumba inaondoka!"

Mtu mwingine angeuliza inaondoka kwenda wapi. Mbaraka aliweka kikombe chini, akatazama, akaona. Akafungua sanduku la pembeni akatoa zile kamba nene za kufungia turubai la mzigo, akawapigia mluzi madereva wenzake wawili.

"Usiwe na wahaka, shemeji," akasema. "Tutaifunga."

Akafunga spana kubwa kwenye ncha ya kamba, akaizungusha, akairusha. Ile spana ilipita juu ya nyumba yetu yote ikaangukia upande wa pili, karibu na banda la kuku. Wenzake wakaifunga kwenye shina la mparachichi. Ncha ya huku akaipitisha kwenye ndoano za bodi ya lori. Akarusha nyingine, na nyingine tena. Kisha wakashika kamba pamoja, "Haya, vuta!", wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na nikaona paa la nyumba yetu linashuka pole pole na kukaa mahali pake.

Ndani, Baba akateremka na kukaa kwenye meza.

Watu walikuja kutoka kila upande. Wengine walidhani ni msiba. Wakasimama wakitazama nyumba ya bluu iliyofungwa kamba kama mbuzi wa mnada, ncha moja kwenye mti, ncha nyingine kwenye lori lenye shehena. Mzee Simbeye naye alifika. Alitazama paa, akatazama mawe yaliyozunguka maua, na lile ambalo sote tulijua angeweza kulisema hakulisema. Alimwambia Baba, "Pole sana, fundi," akakaa naye.

Na hapo ndipo foleni ikasogea.

Siku zote foleni ile ikisogea ilikuwa kama sherehe. Injini zilianza kuwaka kutoka mbali mbele, moja baada ya nyingine, mpaka mlio ukatufikia. Lori lililokuwa mbele ya Mbaraka likaondoka. Nyuma yake wakaanza kupiga honi. Hata mimi nilijua sheria ya foleni: usiposogea wanakupita, na ukipitwa unaenda kuanza mkiani.

Baba akapanda tuta akihema. "Kaka, fungua tu uende. Umetusaidia vya kutosha. Tutatoa vyombo nje."

Mbaraka aliziangalia kamba. Zilikuwa zimekaza, na upepo ulikuwa unaziimbisha. Aliangalia paa, linavyotaka kuinuka likishindwa.

"Nikitoka hapa, fundi, hilo bati utalifuata Zambia, na pasipoti huna." Akapanda kwenye lori, akatoa mkono dirishani akawapungia waliokuwa nyuma: piteni.

Wakapita. Mmoja alimtukana, mmoja alicheka, wengine walipunga. Lori baada ya lori, vumbi juu ya vumbi, na yeye ameketi kwenye usukani ametulia, huku nyumba yetu imeshikilia gari lake na gari lake limeshikilia nyumba yetu. Nilimpelekea chai. Simu yake ikalia nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya lori.

"Ndiyo, bosi. Hapana, bosi, sijasogea. Gari limepata hitilafu. Injini, bosi. Halivuti kabisa."

Niliumia sana. Lori zuri vile, lenye nguvu vile, kumbe lilikuwa linatusaidia huku linaumwa! Jioni tuliposali, kila mtu alitaja lake. Baba alishukuru kwa paa. Mimi nikaomba Mungu aliponye lori la Mjomba Mbaraka, injini yake ivute. Mama alianza kukohoa, akashindwa kusema amina.

Asubuhi, upepo ukiwa umelegea kidogo, alikuja fundi wa paa. Sasa hapa sikiliza vizuri, wewe mwenye nyumba mpya. Alipanda, akachungulia, akashuka akasema paa letu halijafungwa na ukuta mahali popote. Aliyejenga alilaza mbao juu ya tofali, akapigilia bati, akaona upepo unalichezea, basi akalikandamiza kwa mawe. Dawa ikawa ni kutoboa ukuta, mistari kadhaa ya tofali chini ya paa, kupitisha waya mnene, kuupandisha na kuuzungusha kwenye kila kenchi, kuukaza, kisha kuziba tundu kwa saruji. Chumba kwa chumba, siku nzima. Baba alikuwa anamshikia waya, na alipouona ulivyopita akasema kwa sauti ndogo kwamba hata kifungo hakishonwi kwa kukiwekea jiwe juu. Kwa hiyo ukinunua nyumba, kabla hujapaka rangi, panda uangalie paa limeshikwa na nini. Na ukikuta kitu kibaya ambacho hukielewi, usikiondoe mpaka ujue aliyekiweka alikuwa anaogopa nini.

Saruji iliachwa ikauke siku iliyofuata pia, na Mbaraka hakutoka. Kisha akafungua kamba moja moja. Sote tulisimama uani. Kamba ya mwisho ilipoanguka upepo ukapiga, na paa likatulia kimya kama vile halijawahi kusumbua mtu. Baba alivua kofia. Nilihisi nywele zimenisimama, na mpaka leo sijui niliinuliwa zaidi na lipi, paa lilipopanda au lilipokataa kupanda.

Mbaraka hakupokea chochote ila chapati alizofungiwa na Mama. Akawasha gari. Likawaka mara moja, likanguruma vizuri, likageuka kwenda mkiani mwa foleni. Niliruka kwa furaha. Nilijua ni nani aliyeliombea.

Alirudi mara moja tu, mvua zilipokuwa zimeanza. Alishuka kwenye basi na begi dogo, anaelekea kwao Tanga. Alikuja kutusalimu, akamwomba Baba amwonyeshe zile nyaya, akazigusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo siku zote.

"Mjomba, lile lori lilipona kabisa?"

"Lilipona, mwanangu," akasema. "Lina dereva mwingine sasa."

Nikapiga makofi. Mama aliingia jikoni, na hakutoka haraka.

Miaka mingi baadaye niliajiriwa kwenye ofisi ya kupitisha mizigo pale mpakani. Siku moja dereva aliyesimama mbele ya meza yangu, mtu aliyekuwa amempisha mwenzake mwenye mgonjwa, alipigiwa simu. Nikamsikia akisema, "Gari limepata hitilafu, bosi." Gari lake lilikuwa linanguruma nje ya dirisha langu. Aliponiona namtazama akanikonyeza.

Sikuweza kuendelea na kazi. Nilitoka nje nikampigia Mama.

"Mama, lile lori halikuwa linaumwa."

"Halikuwa linaumwa, mwanangu. Madereva waliompita ndio walimwambia bosi kwamba gari ni zima, limefungwa kwenye nyumba ya watu. Akanyang'anywa funguo."

"Na mlijua, siku ile alipokuja na basi?"

"Alituambia kabla hujarudi kutoka shule. Baba yako alilia. Halafu wewe ukaingia, ukauliza lako, ukapiga makofi." Nikamsikia anavuta pumzi. "Yeye akacheka kweli kweli, Neema. Ulipotoka akasema, huyu mtoto msimwambie."