Amari za Kidawa

Kidawa binti Jumanne hasira zake zilikaa puani, na Baleni nzima ilijua. Alipofiwa na mumewe hakuachiwa kitu ila nyumba ya makuti, rungu la kupondea makumbi, na wifi yake Arafa, dada wa marehemu, mwanamke mtaratibu asiyependa makelele. Wawili hao walikula kwa jasho la kamba. Walifua nazi katika shamba la Bwana Muhsin bin Tahir, na ujira wao ukawa makumbi yenyewe. Wakayabeba vichwani mpaka pwani, wakayafukia kwenye matope ya mikoko, wakayawekea mawe juu maji yasiyachukue. Miezi ikipita waliyafukua yananuka, wakayaponda mpaka zikabaki nyuzi tupu, ndipo wakasokota. Wavuvi wa upande ule wote walifungia madema yao, mitego ya samaki, kwa kamba za Kidawa.

Mwaka mmoja wa zama za Wadachi, Siku ya Mwaka yenyewe, kusi bado inavuma na watu wakirudi kuoga pwani, Kidawa alimwambia wifi yake, "Arafa, mwaka huu hatusokoti kamba za madema."

"Tusokote nini?"

"Amari. Kamba nene za nanga. Fundi Shamte wa kisiwa cha Jibondo anaunda jahazi la Bwana Muhsin, na ameniahidi mbele ya watu kwamba kamba zote za chombo kile zitatoka mikononi mwetu. Mwaka ukigeuka tutakuwa na minazi yetu wenyewe, tusifue tena nazi za mtu."

"Tuwaachie wavuvi shimo moja la makumbi, wifi. Ahadi bado si mali."

"Mshika mawili moja humponyoka," Kidawa akamkata kauli, na maneno yakaishia hapo.

Siku chache baadaye Mbaraka, mvuvi kijana aliyekuwa mnunuzi wao wa siku nyingi, alipiga hodi. "Shikamoo, bi Kidawa. Kamba zangu zimekatika, nataka nyingine."

"Marahaba. Nenda kwa wengine. Mwaka huu sisokoti vijiuzi vya kufungia kuku."

Mbaraka alitazama chini, akaenda zake. Arafa aliyaona hayo yote, akauma midomo.

Wakafanya kazi. Ramadhani ikawakuta matopeni, wakaponda na saumu zao, ndimi zimeshikana na makaakaa. Kaskazi ilipoanza kulegea na masika kukaribia, mwaka ukiwa umefika kiunoni, amari mbili zilikuwa tayari, nene kama kifundo cha mkono. Kidawa alijitwika, akapanda dau la Jibondo lililopakia mitungi ya maji matamu, aende akamwonyeshe fundi.

Alimkuta Fundi Shamte amechuchumaa ubavuni mwa jahazi, anaziba nyufa za mbao kwa kalafati. Kando yake palikuwa na kamba za manjano, mpya, zimeviringwa vizuri.

"Shikamoo, fundi. Kamba hizi za nani?"

"Marahaba, mwanangu. Za chombo."

"Chombo kipi?"

Fundi hakuinua uso. "Hiki. Mwenyewe ameziagiza Unguja. Kamba za Ulaya hizo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani! Mimi mwezi mzima nimefunga naponda makumbi yako, koo limekauka, na wewe umekaa unajua?"

"Nilidhani utasikia."

"Nisikie kwa nani? Kwa kunguru?"

"Kidawa, mimi fundi tu, chombo si changu. Bwana Muhsin akishasema…"

"Bwana Muhsin hakuniahidi kitu. Aliyeniahidi ni wewe, kwa mdomo wako huo."

Akainama, akaishika kamba ile ya manjano. Aliitafuta ila. Akafumua ncha yake, akainusa, akaing'ata, akapiga fundo akalivuta kwa goti mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Ila hakuiona. Ilikuwa kamba nzuri, nyepesi, yenye nguvu. Hapo ndipo hasira zilipompanda kweli. Maana kamba mbovu angaliitukana roho ikatulia, lakini hii hata tusi haikumwachia.

Fundi akaona amtulize. "Hizo zako niachie, mwanangu. Tutafungia nguzo za jukwaa letu la kazi."

Kidawa akazitupia amari zake begani. "Jukwaa lako lifunge kwa ulimi wako. Huo ni mrefu kuliko kamba."

Mafundi wengine wakasita, nyundo mikononi. Mwanamke kumjibu mzee vile! Kidawa akashuka pwani bila kuaga.

Nyumbani alimsimulia Arafa yote, kisha akasubiri. Alisubiri aambiwe "nilikwambia" apate wa kumrukia. Arafa akamtengea chakula tu. Kesho yake wakashuka pwani kuponda kama kawaida, na kila Kidawa alipoinua rungu alitaja jina. Kumbi hili la Shamte. Hili la Muhsin. Hili la Shamte tena.

"Wifi, kumbi halijakukosea," Arafa akasema. "Unakata nyuzi."

"Niache."

"Sikuachi. Mwaka umebaki nusu. Yaliyomo mashimoni yataiva tukilia, yataiva tukicheka. Niambie, tunasokota nini?"

"Sijui."

Tangu Kidawa aolewe na kaka yake, Arafa hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa wifi yake. Akaweka rungu chini. Wakakaa juu ya mawe, miguu matopeni.

"Minazi hatuipati mwaka huu," Kidawa akasema, na maneno yalimtoka kama anang'olewa jino.

"Hatuipati."

"Na nazi za Muhsin sifui tena. Anipe makumbi kwa jasho langu, anitazame nikimsokotea, kisha akanunue kamba za Ulaya! Sifui."

Arafa akashtuka. "Na makumbi tutayatoa wapi?"

"Humu humu Baleni. Wenye minazi yao michache makumbi wanayachoma tu. Tutawapa kamba za mbuzi na za visima, watupe makumbi."

Arafa aliwaza kidogo. "Hilo litafaa. Nitawauliza mimi, wewe utagombana nao. Na zile amari je?"

Kidawa alikoroga matope kwa mguu.

"Zifumuliwe, wifi. Zitatoa kamba nyingi za madema."

Kidawa aliinuka akaondoka, rungu ameliacha pale pale. Lakini asubuhi Arafa alimkuta mlangoni, amekanyaga amari kwa mguu mmoja, anaifumua uzi kwa uzi, machozi yanamtoka na matusi yanamtoka. Arafa akakaa chini, akashika ncha ya pili.

Kamba zilipokuwa tayari Kidawa alikataa Arafa ampelekee. Alikwenda mwenyewe kwa Mbaraka.

"Shikamoo, bi Kidawa," Mbaraka akasema, kwa adabu kamili. Afadhali angemtusi.

"Marahaba. Nimeleta kamba za madema."

"Nimeshapata kwingine."

"Mbovu hizo."

"Si mbovu."

Kidawa akavuta pumzi. "Nilikujibu vibaya siku ile."

"Ulinijibu vibaya."

"Basi nisamehe au usinisamehe, lakini kamba ni nzuri. Ishike uone."

Mbaraka aliishika, akaivuta, akaivuta tena. "Niachie hii moja niijaribu," akasema. Moja tu. Nyingine Kidawa alizizungusha pwani nzima, huyu akichukua, yule akimkumbusha maneno yake, naye akiyameza moja baada ya jingine kama dawa ya mwarobaini.

Mwaka ulipogeuka hawakuwa na mnazi hata mmoja. Walikuwa na wavuvi wao karibu wote, Mbaraka akiwamo, na makumbi ya jirani zao mashimoni. Mnyapara wa Bwana Muhsin alipokuja kuwaita wakafue nazi, Kidawa alimwambia akafue mwenyewe.

Jahazi liliposhushwa majini watu walivuka kutoka kila upande, ngoma zikapigwa, na Arafa alikwenda. Aliporudi alisema chombo kimekaa vizuri, na zile kamba za manjano hazikulegea.

"Zisilegee," Kidawa akasema, mikono yake ikiendelea kusokota.

"Fundi Shamte anakusalimu. Anasema yaliyopita yamepita."

"Hizo salamu rudi nazo," Kidawa akasema. "Mimi sijazipokea."