Meza ya Mama Breki

Watu wengi wa mtaa ule waliojua kuendesha gari walifundishwa na mwanamke mmoja tu, na wote walimwita Mama Breki. Jina walimpa wanafunzi wake wenyewe, maana neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori, na alikaa kiti cha abiria mguu ukiwa juu ya breki ya ziada aliyofungiwa upande wake. "Gari halina haya," aliwaambia. "Haya uwe nayo wewe."

Macho yalimpotea kwa wizi wa taratibu. Yalianza kuibiwa pembeni. Akawa anagonga mabega milangoni, anaruka ngazi ya mwisho, na lawama zote anawatupia waliojenga. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Siku moja mwanafunzi alikanyaga breki mwenyewe kwa ajili ya baiskeli ambayo mwalimu hakuiona kabisa. Mama Breki alishuka, akachukua ufunguo, akamkabidhi mwenye chuo cha udereva, akaenda zake. Miaka haikuwa mingi, akabaki anaona nuru tu, kama mtu anayetazama taa kupitia blanketi.

Nyumbani hakushindwa na kitu. Alipika, alifua, na kikombe kikihamishwa alijua nani kakihamisha. Kilichomshinda ni kula mbele za watu. Kwenye arusi ya mpwa wake alimmwagia jirani yake soda, kisha akapeleka mdomoni uma mtupu, akautafuna. Mtu wa meza ya nyuma akacheka. Pengine alikuwa akicheka mambo yake, lakini Mama Breki aliuvaa mcheko ule kama nguo aliyoshonewa yeye. Tangu hapo, mwaliko ukija tu, kichwa kilimuuma.

Mumewe alikuwa fundi friji. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa maneno machache, aliyeingia nyumbani ananuka vyuma baridi. Kazi zake nyingi zilikuwa kwenye bustani ya michezo nje kidogo ya mji, mahali penye bembea, treni ya watoto na gurudumu kubwa la kuwazungusha watu angani. Friji za aiskrimu huko zilikufa kila joto lilipozidi, na yeye ndiye aliyezifufua. Akaanza kumbembeleza mkewe: kule ndani kuna mgahawa, wananifahamu, twende siku moja tukale kama watu. Mama Breki alikuwa na sababu za kila aina. Leo goti, kesho mvua, kesho kutwa gauni halijapigwa pasi. Mume hakubisha. Aliacha wiki zipite, akauliza tena.

Kilichomchokoza Mama Breki siku hizo ni mashati. Mumewe alirudi na mashati yenye harufu ya supu kifuani. Alimsema: mtu mzima, macho yote mawili, unakula kama mtoto. Fundi alicheka tu, akajibu kwamba shati nalo lina njaa.

Mara ya mwisho alimwomba akiwa amekwisha kuvaa. Mama Breki alisikia harufu ya sabuni, akasikia viatu vya kutokea vikilia sakafuni. "Nenda peke yako," akamwambia. "Mimi si maonyesho."

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, kimoja, halafu kingine. Hakuuliza tena. Mwaka ule ule kifua kilimbana, na kabla watu hawajamaliza kusema ni mafua, walikuwa wanamzika.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeolewa, naye alikuwa na mwana wa miaka miwili ambaye kwa amri zake nyumba nzima ilimwita Bwana Mkubwa. Siku moja ya mapumziko binti alifika na kumwambia mama yake avae, wanakwenda bustani ya michezo, wote watatu. Mama Breki alikwisha kufungua mdomo ataje goti. Lakini Bwana Mkubwa alikuwa amekwenda kumletea viatu. Akamwekea bibi mapajani kiatu cha bibi kimoja na kandambili moja ya babu yake. Bibi aliipapasa ile kandambili, goti likasahaulika.

Bustani ilikuwa kelele tupu. Muziki ulipiga kutoka pande zote, watoto walipiga mayowe huko juu, na Bwana Mkubwa alikataa kushikwa mkono na mtu yeyote. Alichomoka mara ya tatu akielekea kwenye reli ya treni, bibi yake akasikia vile viatu vidogo vikikimbia, akaguta, "Breki!" Mtoto alisimama. Wakasimama na baba za watu waliokuwa wakipita.

Mgahawani binti alichanganyikiwa kidogo. Alikuwa na watu wawili wa kulishwa, au ndivyo alivyodhani. Alimfunga mwanawe kitambaa shingoni, kisha akamfunga na mama yake. Mama Breki alikifungua, akakikunja, akakiweka mezani. Binti akaomba radhi kwa sauti ndogo.

Mhudumu aliyewaletea chakula alikuwa mtu wa makamo. Aliweka sahani mbele ya Mama Breki na, badala ya kumwuliza binti, akamwambia mwenyewe, "Mama, kuku yuko saa tatu. Viazi saa kumi na mbili. Kabichi saa tisa."

Mama Breki alipeleka mkono kulia, mahali ambapo saa ya ukutani huandikwa tatu. Vidole vikaingia kwenye kabichi.

"Samahani, mama. Siyo tatu iliyoandikwa. Saa tatu ya asubuhi, mshale ukiwa kwenye tisa. Hata sisi tulibishana na aliyetufundisha."

Mama Breki alicheka, mbele za watu, na vidole vyake vimejaa kabichi. Bwana Mkubwa, naye mkono uko ndani ya viazi mpaka kifundo, alimtia bibi yake kiazi kimoja mdomoni. Ikawa hapo pana watu wawili wanaokula kwa kupapasa, na mmoja wao haoni aibu yoyote. Mama Breki akauliza, kwa mazungumzo tu, nani aliwafundisha mambo ya saa.

"Fundi mmoja wa friji," mhudumu akasema. "Marehemu sasa. Alikuwa akijifunga kitambaa machoni, anakula hapa, tunamcheka. Supu yote kifuani. Alisema anataka kujua mkewe anasumbuka wapi."

Binti aliacha kumfuta mtoto. Mhudumu akamtazama yeye, akamtazama mama, akakumbuka ile sauti ya "Breki!" aliyoisikia kule nje.

"Wewe ndiye Mama Breki?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Shemeji," yule mtu akasema, na sauti ikabadilika. Aliwaeleza kwamba meza ile waliyokalia, ya ukutani, mbali na spika, fundi ndiye aliyeichagua. Alikwisha kuzijaribu zote. Alisema mkewe hapendi watu wapite nyuma yake. Aliwaomba siku akija wasimshangae, wamhudumie kama mteja yeyote.

Jambo hilo la watu kupita nyuma, Mama Breki hakuwahi kumwambia mtu.

"Mbona hakuniambia anajifunza?"

"Alisema ukijua, utaona unalazimishwa. Siku moja alipiga simu asubuhi kwamba mnakuja. Tulitandika, tukangoja. Kesho yake akaja kutuomba radhi, akasema ulishikwa na homa."

Mhudumu aliitwa jikoni, akaondoka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mama Breki mjukuu alikuwa naye mapajani tayari, amepanda huko na mikono yake ya mafuta, na majuto nayo yakaja yakakaa hapo hapo. Aliyafikiria yale mashati. Aliyafua yote kwa mikono yake huku akimsema mumewe, na mwenyewe alikaa pale uani akimsikiliza, na hakujitetea.

Alimaliza sahani yake. Hakutaka msaada, na waliomtazama wakamtazama.

Njiani binti alijaribu kumpoza. Alimwambia baba hakuwa na kinyongo, wanamjua.

"Najua," Mama Breki akasema. "Angekuwa nacho, ningekuwa na la kumjibu."

Siku hizi huenda pale kila binti akipata nafasi. Anajiagizia mwenyewe, anagombana na mhudumu juu ya saa, na Bwana Mkubwa amejifunza kumtajia kilichomo sahanini, ingawa kilicho kitamu humficha akakila yeye. Watu wa mtaani wanasema amechangamka, na ni kweli. Ila akitoka huko, jioni hiyo binti humwacha peke yake, maana huwa hasemi na mtu mpaka kesho yake.