Jina la Watu Wanne

Ofisa wa uhamiaji alilisoma jina letu kimya, akalisoma tena kwa sauti, kisha akamtazama mdogo wangu kama mtu aliyemkuta sebuleni kwake bila kupiga hodi.

"Hili jina la wapi?"

"La hapa hapa Mtwara, afande."

"Mtwara hii mimi naijua. Nimeanzia kazi hapa. Majina ya Kimakonde, ya Kiyao, ya Kimakua, yote yanapita mezani kwangu. Hili sijaliona. Mko wangapi?"

Mdogo wangu akanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma yake, kwa sababu nilikuwa dada mkubwa na mwalimu, na nyumbani waliamini kwamba mwalimu akiwepo mambo ya ofisini hunyooka. Nikahesabu kichwani. Baba, mimi, yeye, na mdogo wetu wa kike aliyekuwa bado sekondari. Mama hakuwahi kulitumia. Alibaki na la baba yake.

"Wanne," nikasema.

Ofisa akaweka kalamu chini. "Ukoo wa watu wanne?"

Sitaliandika jina lenyewe hapa. Kulitaja ni sawa na kuonyesha nyumba yetu kwa kidole. Inatosha kusema ni jina fupi, lina herufi mbili zinazofuatana ambazo watu wa mikoa mingine hawazitamki bila kujikwaa, na maisha yangu yote nimelisikia likikosewa.

Nilikulia Ufukoni, baba akiwa mwendesha winchi bandarini. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa shule ya msingi. Walimu wetu wengi walitoka mbali, wengine ndiyo kwanza walikuwa wanaiona bahari. Wakati wa kuita mahudhurio walikwenda vizuri mpaka wafike kwangu, hapo wanasimama, wanakunja uso, kisha: "Na wewe uliyekaa dirishani." Nilikuwa "wewe uliyekaa dirishani" mwaka mzima. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa havijaisha, na mjini walikuwepo watu waliovuka kuokoa roho zao. Mwalimu mmoja, bila ubaya wowote nadhani, aliniuliza mbele ya darasa kama wazazi wangu walivuka pia. Kuanzia siku ile wenzangu wakaniita mkimbizi. Nilipomweleza baba, alikuwa anakula, na hakuacha kula.

"Waambie umezaliwa hospitali ya mkoa. Wakibisha waende wakaulize."

"Lakini jina letu linatoka wapi, baba?"

"Kwa baba yangu."

Na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia, siku ile na kila siku niliyojaribu tena. Baba hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu asiyeona kwa nini jambo kama hilo liulizwe.

Nililichukua swali lile mpaka ukubwani. Popote nilipokuta kitabu cha simu nilikifungua kwenye herufi yetu. Matokeo ya mtihani yakibandikwa, nilisoma majina ya shule ambazo hazikunihusu. Mwaka wa sensa, elfu mbili na mbili, nilichukuliwa kuwa karani kama walimu wengi, nikapangiwa Mtawanya. Niliingia nyumba hadi nyumba, nikakaribishwa viti, mikeka, hata kinu kilichopinduliwa, na kila mkuu wa kaya alipoanza kutaja majina ya watu wake moyo wangu ulikuwa unasubiri. Halikutokea. Kazi ilipokwisha nilimuuliza msimamizi wetu kama siku moja itawezekana kujua nchi nzima ina watu wangapi wenye jina fulani. Alicheka, kisha akaona sicheki.

"Mwalimu, sisi tunahesabu watu. Hatuhesabu majina."

Kwa hiyo siku ile ofisini, mwaka uliofuata, nilikuwa nimeshajua kwamba jibu langu lingesikika vibaya. Mdogo wangu alikuwa kibarua bandarini. Alikuwa amepata, kwa bahati ambayo haimjii kibarua mara mbili, nafasi ya ubaharia kwenye meli ya mizigo. Kilichobaki ni pasipoti, na wakala wa meli alikwisha sema asingesubiri.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alitueleza taratibu. "Leteni wazee wawili wenye jina hili, watu wa upande huu, waape kwamba babu yenu alizaliwa Tanganyika. Mpaka ule pale, jamani. Mimi nikikosea, naulizwa mimi."

Tulimkuta baba kibarazani, anatengeneza redio. Mdogo wangu alipomaliza kueleza, baba aliweka bisibisi chini.

"Nimeshusha mizigo ya nchi hii tangu sijaoa. Walipokata kodi kwenye mshahara wangu, kuna aliyeniuliza jina langu la wapi?"

"Baba, wanataka wazee wawili tu."

"Mzee ni mimi. Wa pili ni baba yangu, alikwisha kufa. Alitoka mtoni huko, karibu na Kilambo. Nendeni mkatafute, mimi siendi kumwapia mtu kwamba mimi ni mimi."

Tulikwenda kwa Land Rover ya abiria, mimi na mdogo wangu, alfajiri ya Jumamosi, ili Jumatatu niwahi darasani. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili tulishuka kusukuma, na mara ya pili mdogo wangu alitoka matopeni bila kiatu kimoja. Tulifika kwenye kijiji alichokitaja baba, nyumba chache juu ya mwinuko, chini yake bonde la mpunga, halafu mto wenyewe, mpana na wa rangi ya udongo, ukiwa na visiwa vya mchanga katikati.

Mtendaji wa kijiji alitupokea vizuri. Aliita watu watatu waliokuwa wakubwa kwake, wakakaa kwenye mabenchi ya ofisi yake, wakalisikiliza jina letu. Wote walilitamka sawasawa mara ya kwanza. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Nilikuwa mtu mzima mwenye darasa langu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia watu nisiowajua wakinitamka.

"Babu yenu tulimsikia," akasema mmoja wao, mama mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha urembo wa zamani, kwenye mdomo wa juu. "Alikwenda kazi za mkonge, hakurudi kukaa."

"Kuna wengine wenye jina hili hapa?" nikauliza haraka.

"Hapa? Hakuna."

"Kabisa?"

"Hapa hakuna." Akanyoosha mkono kuelekea mtoni. "Ng'ambo kule wamejaa. Mwite mwenye mtumbwi akuvushe, mchana huu huu utawaona."

Niliinuka. Naapa miguu yangu ilikwisha geuka. Mdogo wangu akanishika mkono, akanitoa nje ya ofisi.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kuwaona. Si umesikia? Wamejaa!"

"Ndiyo, wamejaa Msumbiji. Ukirudi na hao, mimi nimekwisha. Utamwambia nini yule ofisa? Kwamba umepata ukoo, ila wote ni Wareno?" Alisema Wareno kama watu wa kwetu wanavyosema wanapotaka kuwachokoza watu wa ng'ambo, lakini hakuwa anatania.

Nikabaki nimesimama juu ya mwinuko ule. Chini pale wanawake walikuwa wanavuka kwa mtumbwi na ndoo zao kana kwamba mto ni njia ya kwenda sokoni. Na mimi, niliyelitafuta jina hili kwenye kila karatasi iliyopita mbele yangu, sikuweza kuvuka, kwa sababu watu niliowatafuta wangemwangusha mdogo wangu kwa kuwepo kwao tu. Nilikasirika nikataka kupiga kelele. Nikaishia kumwambia anunue viatu.

Tulirudi kwa njia ya Mtawanya, kwa shangazi, dada yake baba. Alikuwa anapepeta mtama. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta.

"Nani kawaambia mtafute ukoo kwa baba?" akauliza.

"Ofisi, shangazi."

"Ofisi haijui. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo wenu uko kwa mama yenu. Mimi na baba yenu ni wa ukoo mmoja, wa mama yetu. Nyinyi siyo wetu, ni watoto wetu tu."

"Na hili jina?"

"Hilo siyo la ukoo. Ni la baba yetu, mtu mmoja. Alipotoka jandoni mjomba wake alimpa jina lake, lile la utoto likaachwa. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mjomba huyo alikuwa wa wapi?" mdogo wangu akauliza taratibu.

"Ng'ambo. Lakini hiyo ng'ambo ni neno lenu nyinyi. Watu walilala upande huu, wakilima upande ule. Baba alizaliwa huku, juu ya mwinuko. Hilo ninaapa popote."

Mdogo wangu akafurahi. Mimi nikawahi kuuliza, "Na wewe shangazi, kwenye kadi yako ya chama umeandikishwa jina gani?"

Alikuwa ameandikishwa jina la mumewe aliyekufa. Hakusoma shule, hivyo hakuna aliyemdai jina la baba. Baba mdogo, ambaye naye alikwisha kufa, alikuwa amechukua jina la babu la ubatizo. Ni baba yetu peke yake aliyepeleka lile la jandoni shuleni kwa wamisheni, wakaliandika, na kuanzia hapo likawa la familia. Ndiyo maana tulikuwa wanne. Hapakuwa na siri yoyote. Ndugu wote wapo, wenye afya, wametawanyika kuanzia Magomeni ya hapa Mtwara mpaka Newala, ila kila mmoja ana jina lake.

Jumatatu baada ya vipindi tulimpeleka shangazi ofisini, kavaa khanga mpya. Ofisa alimwamkia kwa heshima, akampa kiti, akaangalia kadi yake.

"Mama, huyu ni mtoto wa kaka yako?"

"Wa kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja."

"Mbona huna jina hilo?"

Shangazi akaanza kueleza habari za jando na mjomba. Nilitamani kumziba mdomo. Alipofika kwenye neno "ng'ambo" ofisa aliacha kuandika, akaniangalia mimi kama aliyenisikitikia.

"Mwalimu, mimi namwamini mama. Lakini hiki hakiandikiki. Itabidi faili liende juu."

Faili likaenda juu. Tukapeleka kiapo cha shangazi, tukapeleka barua ya mtendaji, tukapeleka cheti cha baba cha shule ya misheni ambacho mama alikichukua sandukuni bila mwenyewe kujua. Meli iliondoka na baharia mwingine, kijana wa Magomeni aliyekuwa na jina ambalo kila mtu Mtwara analo. Siku aliyopata habari hiyo mdogo wangu alikwenda kazini kama kawaida, akabeba magunia ya korosho mpaka jioni. Aliporudi alinawa, akala, akalala. Laiti angevunja kitu.

Pasipoti ilitoka baada ya mwaka na zaidi. Aliileta kwangu, akaifungua kwenye ukurasa wa picha, akaniwekea mezani. Zile herufi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

"Tuirudishe," nikasema. "Kesho hiyo hiyo."

"Nikairudishe, waniulize tena la wapi?" Akaifunga. "Dada, mimi nimechoka. Hili lililoandikwa humu linatosha. Linatamkika."

Na kweli linatamkika. Gesi ilipoanza kuchimbwa upande wa Msimbati alipata kazi ya udereva, akaandikishwa kama ilivyo kwenye pasipoti. Watoto wake wamebatizwa hivyo. Baba alipoona cheti cha mjukuu wa kwanza alikisoma akiwa kakishika mbali na macho, akakirudisha. "Mwambie hongera," akaniambia mimi, ilhali mwenye mtoto alikuwa amekaa pembeni yangu. Walikaa muda mrefu wakizungumza kupitia kwangu, na mimi nilichukia kuwa daraja lao, nikawaambia hivyo siku moja ya Pasaka mbele ya wageni. Baada ya hapo wakaanza kusalimiana.

Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili, hakukuwa tena na cha kuharibu. Nikaenda Kilambo wakati wa likizo, nikavuka. Yule mama wa ndonya hakuwa amedanganya. Nyumba ya kwanza walikuwepo, nyumba ya tatu walikuwepo. Nilikuwa na daftari jipya la shule, nikaanza kuuliza: mzee wenu nani, alilipata kwa nani. Wa kwanza alipewa na mjomba. Wa pili, babu yake alipewa na jirani aliyempenda. Wa tatu alijichagulia mwenyewe jandoni, kwa sababu lilimpendeza. Hawakuwa ndugu wao kwa wao, na hawakuelewa kwa nini nilidhani wangekuwa. Niliacha kuandika kabla ya kufika mwisho wa kijiji.

Mwanamke wa nyumba ya mwisho aliniuliza ukoo wa mama yangu. Nilimtajia bila hamu, kwa kuwa sikuja kwa ajili hiyo.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Aliita binti zake kwa sauti, wakatoka mbio mikono ina unga, akawaambia kwa Kimakonde kwamba mama yao mdogo amefika. Nilijaribu kumweleza kwamba nilikuwa nimekuja kwa jina la baba, kwamba nimelitafuta tangu nikiwa mtoto. Alinisikiliza kwa adabu, akanivua mkoba begani, akaniambia niingie ndani nivue viatu, wali uko jikoni.