Sugu za Kipoyi

Baba yangu alikuwa na sugu mbili, moja kila bega, ngumu kama kisigino. Tulipokuwa wadogo huko Muheto, mama alituambia ni alama za fimbo ya Wazungu, kwamba baba alikamatwa Walikale wakati wa ule uasi wa msituni, Wazungu walipokuwa bado wanapigana vita vyao huko Ulaya. Fimbo haichagui mabega mawili sawasawa namna ile, mtu mwenye akili angeliona. Sisi tulijivunia tu. Baba mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa mtu wa kimya, hata kanisani hakuimba, alisimama na kitabu mkononi midomo imefungwa. Mama akafa bila kutuambia lingine.

Katika miaka ya sitini, Uhuru ungali mchanga, nilikuwa nimeolewa Masisi na karani wa biro ya serikali, mtu wa maneno mengi, tena matamu. Sikukuu ya Uhuru ilipokaribia, wakubwa walitaka mji uwakumbuke watu wake waliowapinga Wazungu zamani, kabla ya vyama na siasa. Mume wangu akasimama mkutanoni.

"Sisi tuko na muzee," alisema. "Iko na alama mu mwili."

Basi ikaamuliwa. Baba akaitwa kutoka Muheto, mimi nikamshonea koti, na sokoni wanawake wakaanza kuniita binti wa shujaa. Nililipenda jina hilo, kwa nini nidanganye?

Asubuhi ya sikukuu nilikuwa namfunga baba vifungo vya koti wakati mume wangu alipoingia anacheka peke yake.

"Papa, leo hautatembea na miguu. Wazungu njo walibebwaka. Leo vijana watakubeba weye, wametengeneza kipoyi!"

Akatoka mbio kufuata ngoma. Baba akaketi kitandani. Kipoyi ni kile kiti kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Mzungu alikaa juu, watu wanne wakatia mabega chini ya miti wakapanda naye milima hii yetu, mvua au jua.

"Mutoto wangu," baba alisema, "hii haikukuwaka fimbo."

Alishika bega lake.

"Ni miti ya kipoyi. Mimi nilibebaka Muzungu wa serikali mpaka Walikale, wakati walienda kukamata wale watu ya uasi. Mimi na wengine watatu. Alikuwa anaikala juu yetu na bunduki mu mapaja."

"Walikulazimisha, Papa."

"Mara ya kwanza, ndiyo. Kiisha nilizoea. Walitupatiaka chumvi na nguo. Kitambaa mama yako alikubebeaka mu mugongo, kilitokaka kule."

Niliwakasirikia wote, mama kaburini kwa hadithi yake, mume wangu kwa mdomo wake, na zaidi huyu mzee aliyenyamaza maisha yake yote akachagua asubuhi hii kusema. Si angenyamaza siku moja zaidi! Akae juu, apunge mkono, yaishe.

"Nipande?" aliniuliza.

Ngoma zilikuwa zimefika mlangoni. Nilimfungulia mlango, basi.

Watu walijaa kandokando ya barabara, watoto wa shule na bendera zao ndogo, kinamama na vitenge vya sikukuu. Kipoyi kilipambwa kwa maua na majani ya migomba. Vijana wanne walikishusha mbele ya baba. Baba aliangalia kamba, akaangalia kiti, akakipita. Akamgusa kijana wa mbele amwachie nafasi, akainama, akatia bega lake chini ya mti.

"Mahali yangu njo hapa," alisema kwa sauti. "Mimi sikupigwaka. Nilibebaka Muzungu."

Watu wakapiga makofi.

"Muone!" mume wangu alipaaza sauti. "Muone vile muzee wetu anajishusha!"

Baba akarudia, nilibebaka Muzungu, na kila aliporudia vigelegele vikazidi. Kiti kikainuliwa kitupu, kikapita mbele ya jukwaa la wakubwa. Vijana walikuwa wanajikwaa, wanapishana hatua. Baba hakujikwaa. Alitembea vizuri, hatua fupi fupi za haraka, shingo imelala upande, na jinsi alivyojua kazi ile ndiyo iliyonitia haya kuliko maneno yake. Nilitamani hata mti umteleze.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa Walikale aliyekuwa akituuzia mawese sokoni, mtu wa umri wa kunipita kidogo. Yeye hakupiga makofi. Kipoyi kilipotuliwa alimwendea baba moja kwa moja, akafunua kola ya lile koti nililolishona, akaangalia.

"Ulipitaka kwetu," alisema.

"Nilipita, Mama."

"Nilikuwa mutoto. Tulijificha mu majani. Tuliwasikia munaimba chini ya kipoyi."

Mume wangu akaja na kibuyu cha pombe ya ndizi, jasho linamtoka kwa furaha, akamuuliza yule mama kama anamjua shujaa wetu.

"Ninamujua," alisema, akaondoka.

Baba hakunywa. Siku iliyofuata alirudi Muheto kwenye maharage yake, na koti akaliacha kitandani, limekunjwa vizuri. Mjini waliendelea kumsifu. Mimi sikumsahihisha mtu, wala mume wangu.

Siku ya soko nilizunguka kutafuta mawese kwingine, sikupata, nikaenda kwa yule mama. Alinipimia vizuri, hakunipunja, akafunga chupa yangu kwa jani kama siku zote. Kisha akaniuliza kama baba yangu angali anaimba.

Nilimwambia haimbi, hata kanisani.