Dume Aliyeachishwa Machicha

Ule ulikuwa mwaka wa bada. Mahindi yalipotea madukani mpaka tukasahau harufu ya sembe, na kutoka huku kwetu, kambi ya wakata mkonge, mpaka Kigombe kila jiko lilisonga unga wa muhogo. Asubuhi bada, jioni bada, na mwenye nazi ya kukunia mchuzi wa dagaa alijiona ana sikukuu. Watoto waliozaliwa mwaka ule mpaka leo tunawaita watoto wa bada.

Mimi ndani mwangu nilikuwa na magunia ya mahindi. Sikuyaiba. Niliyaweka tangu mavuno yaliyotangulia, kwa ajili ya kupikia pombe. Pombe ndiyo kazi iliyonilisha tangu mume wangu alipofariki, na sijaionea haya hata siku moja. Komoni yangu, ya mahindi na kimea cha ulezi, watu waliifuata kutoka Muheza. Lakini mwaka ule wanawake walipopita mlangoni na vikapu vyao vya makopa, muhogo mkavu wa kutwanga unga wa bada, wakanusa pipa linachacha, waliniamkia kwa sauti ndogo, na nilijua wanachosema wakishapita. Bibi huyu anageuza ugali wa watoto kuwa ulevi. Wacha waseme, nikajiambia. Hakuna aliyekuja kunisaidia kuteka maji nilipokuwa na wanangu sita.

Katika hao sita, aliyenirudia ni mmoja, kitinda mimba. Alirudi kutoka Dar mwaka uleule, amekonda, ana begi moja na madume watatu wadogo wa ng'ombe aliowanunua mnadani njiani. Alisema amechoka kubeba mizigo ya watu. Sasa atanenepesha ng'ombe wa nyama hapahapa nyumbani, na mimi nitakuwa namwona kila siku. Nilimwambia atafute sehemu ya kufunga ng'ombe wake mbali na nguo zangu. Ndiyo namna yangu ya kufurahi. Usiku nilimshukuru Mungu na kumwomba jambo moja tu: kazi hii imshike, asiondoke tena.

Ng'ombe wakala machicha. Nikishachuja komoni, yale makapi yanayobaki kwenye chujio, ya moto, mazito, yenye harufu ya mkate uliochacha, mwanangu aliyachota kwa ndoo, akachanganya na pumba na chumvi kidogo. Wiki ya kwanza walinusa tu wakageuza shingo. Wiki ya pili walisikia ndoo inagonga wakalia. Aliwazoesha polepole, leo kopo, kesho makopo mawili, na aliniambia tumbo la ng'ombe halitaki kushtukizwa. Hayo aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe, nayakumbuka. Mmoja wao, wa rangi ya majivu, alinenepa kuliko wenzake, shingo ikawa kama gogo, mgongo ukatandazika hata ungeweza kuweka sinia. Mimi niliyezoea ng'ombe wa kuhesabika mbavu nilikuwa nasimama kumtazama na mwiko mkononi.

Basi akaja mchinjaji. Mzee huyu ni Mzigua, na mimi ni binti wa Mnyamwezi aliyeletwa huku na mkonge, akaukata mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Makabila yetu ni watani. Miaka yote tuliishi kwa kutukanana. Yeye alikuwa akiniita mlevi, mimi nilikuwa nikimwita kisu butu. Sisi ni watu wa Roma, wao ni Waislamu, lakini kila mnyama wa kuliwa kwangu, hata kuku wa Krismasi, alichinjwa na yeye, ili jirani yeyote akija ale. Huko ndiko kuishi kwetu huku.

Alimzunguka yule dume wa majivu, akampiga kibao cha nyonga, akasema mjukuu wake anaolewa wiki ijayo, na anamtaka huyu. Watu wamechoka bada, alisema. Siku hiyo wale nyama mpaka waombe maji. Mwanangu alitaka kuruka. Arusi ile ilikuwa na wageni kutoka Usagara mjini na Pongwe na wapi sijui. Wakila nyama yake wakaisifu, hatakosa wanunuzi, na atakuwa na sababu ya kubaki.

Mzee akaweka sharti moja. Alisema yeye hatawalisha wageni nyama iliyoota kwa pombe. Siku zilizobaki dume ale vitu safi, machicha asiguse.

"Unataka atubu kabisa, avae na kanzu?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye wa kutubu, mtani," akasema. "Yeye hajui alichokuwa anakula."

Tulicheka. Sharti tukalikubali, ni la heshima, mtu ana haki na sahani yake.

Kosa likaja hapo. Mwanangu aliogopa dume asije akapungua. Majani yalikuwa makavu, pumba hakuna, zilikuwa zinaliwa na watu. Baada ya siku mbili bila machicha, dume alilia kwenye kamba na mwanangu akasema naona anaanza kushuka nyonga. Alishuka wapi, ilikuwa hofu tu. Akaja kwangu akasema, mama, tumpe mahindi. Mahindi ni safi, hata mzee atafurahi. Na mimi, ambaye nilikuwa nimewanyima majirani hata kibaba, nilifungua ghala. Niliyavunjavunja kwenye kinu mwenyewe. Debe zima. Nilitaka abaki, ndiyo sababu, sina nyingine. Yale maneno yake ya kuzoesha polepole hakuyakumbuka yeye wala sikuyakumbuka mimi. Tulidhani tumbo lililozoea machicha ya mahindi litayajua mahindi yenyewe.

Dume alikula debe lote jioni ile, akaramba na chini. Mwanamke mmoja alisimama njiani na kikapu chake akatazama, akaenda.

Asubuhi alikunywa maji kama anayezima moto. Kisha akasimama, kichwa chini, anasaga meno. Ubavu wa kushoto ukajaa, ukigonga unalia kama ngoma. Kinyesi kikawa maji ya kijivu yenye harufu chachu, na ndani yake mahindi yangu yakiwa vilevile nilivyoyavunja. Nilimnywesha magadi kwa chupa, tukamnywesha mafuta ya nazi, mwanangu akamtembeza. Kabla ya adhuhuri alilala chini akakataa kuinuka. Mwanangu alipoona macho yanazama, alikimbia kumwita mzee na kisu chake. Ng'ombe akichinjwa bado ana uhai ni nyama. Akiwahiwa na kifo ni kibudu, Mwislamu hamgusi, anazikwa.

Nilibaki naye peke yangu. Nilikaa chini, nikaweka mkono nyuma ya mguu wake wa mbele, pale moyo unapopiga. Ulipiga vibaya, ukaruka, ukapiga tena. Alitoa pumzi moja ndefu yenye harufu ya pipa langu. Halafu chini ya mkono wangu pakanyamaza. Nilingoja. Inzi akatembea juu ya jicho lake, jicho halikufumba.

Wakaja. Mbele mzee na kisu, mwanangu anamshika mkono amkimbize, na nyuma yao wanawake na mabeseni, maana habari ya nyama mwaka ule haikuhitaji miguu. Mwanangu akapiga kelele kutoka mbali kwamba bado yuko hai, amemwona anarusha mguu. Mzee akamgeuza dume kichwa kuelekea kibla, akapiga goti, kisha kisu kikabaki hewani. Akanitazama.

"Leo sina utani na wewe, mama," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alirusha mguu?"

Niliona anachotaka nijibu. Arusi ilikuwa keshokutwa na watu walishaalikwa. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema taratibu, sisi ndio tutakaokula, dhambi ni yetu, bibi wewe sema tu. Na mwanangu alinikazia macho kama alivyokuwa akinikazia alipokuwa mchanga na njaa. Neno moja tu kutoka kwangu, na kisu kingeshuka. Mzee angelipokea, kwa kuwa miaka yote hiyo hajanikuta na uongo. Ndiyo maana nisingeweza kumpa huo.

"Sikumwona akirusha mguu, na sitasema nilimwona."

Mzee alifuta kisu ambacho hakikuwa na kitu, akasimama kwa shida. Alisema tu kwamba arusi ya mjukuu wake imeharibika, akaondoka. Wanawake waligeuza mabeseni. Yule aliyesimama njiani jana yake ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka.

Tulichimba shimo mimi na mwanangu, hatukusaidiwa, mpaka jua likazama. Tulimzika na mahindi yangu tumboni mwake. Arusi walikula bada na papa mkavu. Wiki haikuisha, mwanangu aliwauza wale wawili waliobaki kwa mtu wa mnadani, akarudi Dar. Kwaheri yake ilikuwa mgongo.

Mzee na mimi tuliendelea kuamkiana, lakini hakuniita mlevi tena, na mimi sikumwita kisu butu. Sijui kama aliniheshimu au alinichukia. Pombe niliipika miaka miwili zaidi, machicha nikayamwaga kwenye migomba. Mwaka jana mzee akafariki. Nilikwenda mazikoni kama mtani, nikalala njiani kuzuia jeneza mpaka wanipe changu, ndiyo desturi, watu wakacheka, na mimi nikalia nikiwa palepale chini.

Juzi mwanangu alipiga simu. Yeye hupiga mara chache. Alisema, mama, shikamoo, mzee ameshakufa, sasa hakuna wa kudhurika. Akasema siku ile mimi nililia, macho yalikuwa na maji, sikuona vizuri, na nilikataa kwa kiburi tu. Alisema hataki kingine, nikubali tu kwamba mguu ulirushwa, na yeye atapanda basi kesho aje akae na mimi, amechoka na Dar. Nilisikia magari nyuma ya sauti yake. Nina miaka mingi, na uani hakuna anayenitekea maji.

Nilimwambia: "Sikumwona akirusha mguu, na sitasema nilimwona."